Natafuta mtu wa kuniambia hapana

Simu iliita Jumamosi, saa mbili kasoro asubuhi, shuka bado iko kichwani. Alikuwa mama mmoja wakala wa pesa za simu, Mbagala Rangi Tatu, mteja wangu tangu siku za mwanzo, mtu asiyengoja salamu zifike mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimebadilisha simu. Lile daftari lako mbona halipo?"

"Halipo wapi, mama?"

"Si huko dukani kwenu. Naandika daftari, naletewa madaftari ya watu wengine."

Nikamwambia labda amekosea herufi. Bora ningenyamaza. "Mwanangu, mimi kutwa nzima nasoma majina ya watu kwenye meseji nisije nikatuma hela ya Mwajuma kwa Mwajabu, leo nishindwe kuandika daftari?"

Nikaamka, nikafungua kompyuta. Barua pepe ilikuwa imeingia saa tisa usiku. Mistari sita. Programu yako imeondolewa kwa kukiuka sera ya ruhusa za simu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: usijibu ujumbe huu, kisanduku hiki hakisomwi na mtu. Mstari huo niliuruka, kama sote tunavyouruka.

Kampuni yenyewe, yenye duka hilo la programu za simu, sitaitaja. Anayetengeneza programu za simu anaijua, na asiyetengeneza anayo mfukoni. Ilikuwa Januari 2019.

Daftari, hiyo programu iliyoondolewa, lilikuwa kazi yangu ya kwanza iliyotumiwa na watu nisiowajua. Wazo lilinijia 2017 nikiwa nimekaa kwenye kibanda cha binamu yangu, naye ni wakala, nikimwangalia anavyofunga hesabu jioni. Kwa nje kazi ya wakala ni nyepesi: mtu anakuja, anaweka, anatoa, anaondoka. Kwa ndani kuna fedha inayocheza sehemu mbili, keshi kwenye droo na floti kwenye laini. Mteja akiweka 50,000, droo inapanda na laini inashuka. Akitoa, kinyume chake. Jumla ya hizo mbili haitakiwi kuyumba. Sasa mpe mtu huyo laini nne za mitandao minne, foleni ya watu saa kumi na mbili jioni, mtoto amemwachia akaenda kuswali, halafu saa tatu usiku mwambie atafute 20,000 iliyopotea. Binamu yangu alikuwa anafungua meseji moja moja na kuandika kwenye karatasi ya maandazi.

Kwa kuwa kila muamala unaleta meseji, nikaandika programu ya kusoma meseji hizo na kuzipanga: laini hii imeingiza nini, imetoa nini, droo inatakiwa iwe na kiasi gani. Basi. Hakuna cha ajabu.

Ugumu ulikuwa kwenye meseji zenyewe. Kila mtandao una mwandiko wake. Mmoja unaandika Tsh, mwingine TZS. Mmoja unaweka koma kwenye maelfu na kumalizia na nukta na sifuri mbili za senti, senti ambazo wateja wangu wengi hawajawahi kuzishika mkononi. Mwingine unataja jina kwanza, kiasi baadaye. Na wanabadilisha bila kumwambia mtu. Siku moja mtandao mmoja uliongeza nafasi kati ya Tsh na namba. Nafasi moja, ile unayoipata kwa kugusa kitufe kirefu cha chini. Asubuhi ile mawakala kama thelathini waliamka wakaona laini yao ina floti sifuri, na mmoja wao alikuwa tayari ameshamfukuza kazi kijana wake. Nilirekebisha ndani ya saa moja, nikatuma toleo jipya, nikampigia yule mzee nikamwomba amrudishe kijana. Alimrudisha. Nakumbuka nilivyojisikia mtu muhimu siku hiyo.

Kufikia mwisho wa 2018 Daftari lilikuwa kwenye simu 412. Kati ya hao, 57 walikuwa wananilipa 5,000 kwa mwezi, na wao nilikuwa nawahifadhia nakala ya hesabu kwenye seva yangu. Waliobaki walitumia bure, hesabu zao zikikaa kwenye simu zao wenyewe.

Sasa niseme lililo la haki. Ile sheria iliyoniondoa ilikuwa nzuri. Oktoba 2018 duka lilitangaza kwamba programu haitaruhusiwa tena kusoma meseji za mtu isipokuwa iwe ndiyo programu yake kuu ya meseji, au iwe kwenye orodha fupi ya kazi zinazokubalika. Walitupa siku 90. Nani atabisha? Kulikuwa na programu za tochi zinazoomba kusoma meseji. Tochi inataka meseji zako za nini? Na sisi nchi hii tunaijua thamani ya meseji ya pesa, sisi ambao kila mmoja wetu ameshapokea ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika majina na miamala ya maelfu ya watu ambao hawajawahi kunisikia, kwa sababu tu wakala wao alibonyeza Kubali. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022. Mwaka ule niliokuwa nafanya hivyo, wa kuniuliza hakuwepo.

Na barua ya Oktoba niliipata. Niliiona, nikadhani ni matangazo, nikaiacha ipite chini. Hilo ni kosa langu na sina wa kumsingizia.

Kilichofuata ndicho kilichonikaa rohoni. Kulikuwa na fomu ya kuomba kubaki. Fomu ina visanduku: programu ya kuhifadhi nakala, programu ya kuzuia wasumbufu, na vingine. Nilipitia vyote. Kisanduku cha mwanamke mwenye laini nne na kiti cha plastiki hakikuwepo. Nikachagua kilichokaribia kidogo, nikaandika maelezo kwa Kiingereza changu chote cha chuo: wakala ni nani, floti ni nini, kwa nini bila meseji hakuna hesabu. Nikaweka picha za kibanda. Nikapendekeza hata njia ya kati, kwamba programu isome meseji za mitandao hiyo minne tu na mengine yote isiyaguse.

Jibu likaja siku ya tatu: tumepitia ombi lako, programu yako haikidhi vigezo. Nikakata rufaa. Jibu: tumepitia upya rufaa yako, programu yako haikidhi vigezo. Nikakata tena, safari hii nikiuliza swali moja tu, je, ile njia ya kati inakubalika au haikubaliki? Jibu lilikuja baada ya dakika nne.

Dakika nne zilinitia shaka. Tuna programu za kulinganisha mafaili mawili, zinakuonyesha kwa rangi mstari gani umebadilika. Nikazichukua barua zote tatu nikazipitisha humo. Zilitofautiana tarehe na namba ya kesi. Mengine yote yalikuwa yale yale, hadi jina la mtoa huduma aliyeisaini, jina zuri la kike. Nilikaa pale naangalia skrini nyeupe isiyo na rangi popote zaidi ya hapo, nikaelewa kwamba nimekuwa nikimwandikia insha mashine ya kusaga.

Mangi wa mtaani kwetu ukimwomba mkopo wa kilo ya sukari anaweza kukukatalia mbele ya watu, tena kwa kejeli. Lakini amekuona. Amepima uso wako, deni lako la mwezi uliopita, na kwamba leo ni tarehe 27. Ukibisha anakujibu. Hapana yake ina mtu ndani. Mimi sikuwa nataka kushinda kwa kweli, nilikuwa tayari kushindwa. Nilitaka mtu mmoja aliyelisoma swali langu aniambie hapana, na sababu yake, nikalale.

Wiki mbili hizo nilizokuwa naandika rufaa, simu yangu ya kazi ilikuwa inajaa. Siku zile nilikuwa nimeipangia jibu la kujituma lenyewe: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Tumepokea ujumbe wako na tunaushughulikia." Nilijionea kampuni. Wateja 57 wanalipa, mtu mmoja ndani ya chumba cha kupanga Mtoni kwa Aziz Ali, lakini jibu linasema "nasi".

Yule mama wa Rangi Tatu alipata jibu hilo mara nne. Mara ya tano hakuandika. Alikuja. Sijui mpaka leo aliulizia wapi. Nadhani kwa binamu. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama na mkoba na leso, jua la saa saba limempiga.

"Mwanangu, umenipandisha daladala mbili kuja kuuliza swali la dakika moja."

Nikamwingiza, nikamtafutia maji. Swali lake lilikuwa hili: kikoba chao kinatoa mkopo, mwenyekiti anataka kuona biashara yake imezunguka vipi miezi mitatu. Miezi mitatu iko kwenye Daftari. Simu ya zamani imekufa kioo. Simu mpya haina Daftari kwa sababu dukani halipo. Lakini si ulisema hesabu zangu unanitunzia? Nipe basi.

Nikasema ndiyo mama, zipo, hazijapotea. Nikafungua seva kumwonyesha, na hapo ndipo nilipoona aibu yangu. Zilikuwepo kweli, mistari elfu na kitu, lakini kwenye umbo ambalo mimi tu ningeweza kulisoma. Mwaka mzima na nusu nimeweka vitufe vya kila aina, cha kubadilisha rangi, cha kupiga nyota, cha kumwalika rafiki. Kitufe cha mtu kuchukua hesabu zake na kuondoka nazo sikuwahi kukifikiria. Ili azione ilibidi apite kwangu. Na mimi nilikuwa nimeweka mashine mlangoni.

Nilitumia alasiri nzima kuandika msimbo wa kuzitoa zikae kama jedwali. Mama alikaa kwenye kiti changu cha pekee, mimi nikakaa kitandani, akanisimulia habari za mwenyekiti wa kikoba ambazo hapa sitaziandika. Jua lilipopoa tukaenda steshenari, tukachapisha kurasa 31, 200 kwa ukurasa. Nilitaka kulipa, akakataa, halafu akakubali. Aliukunja ule mzigo akautia kwenye mkoba na kunitazama.

"Sasa hii ndiyo kitu ulichoshindwa kuniambia kwenye simu?"

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikumtumia tu faili la programu kwa WhatsApp, alipakie mwenyewe, yaishe. Niliogopa. Rufaa ilikuwa bado iko huko iliko, nikawaza nisije nikaonekana mkaidi anayesambaza kitu kilichokatazwa. Nilikuwa nalinda heshima yangu mbele ya mashine na kumkosea adabu mtu aliyekaa chumbani kwangu.

Kuhusu wateja wengine, wale 355 wa bure, habari ni fupi na mbaya. Sikuwajua. Wanaolipa nilikuwa na namba zao kutokana na meseji za malipo. Hawa wengine dashibodi ilinipa idadi yao, aina za simu zao, matoleo ya mfumo, na mchoro mzuri wa buluu unaopanda. Hakukuwa na jina wala namba hata moja. Walikuwa wateja wa duka, mimi nilikuwa mtu wa kupanga bidhaa kwenye shelfu. Siku shelfu ilipoondolewa sikuwa na njia ya kumwambia hata mmoja wao kwa nini. Miezi kadhaa baadaye nilikutana na wakala mmoja Chang'ombe, akanieleza kwa uchungu kuhusu "kijana mmoja tapeli" aliyetengeneza programu ya daftari kisha akatoroka. Sikumwambia ni mimi. Nilinunua vocha nikaondoka.

Nililiandika upya Daftari bila ruhusa ya meseji. Wakala ananakili meseji, anaibandika, programu inaisoma. Duka likalikubali siku hiyo hiyo. Lakini mwambie mtu mwenye foleni ya watu saba anakili na kubandika. Kati ya 57 walibaki 23, wengi wao wanawake wenye vibanda vitulivu au watu walioona haya kuniacha.

Halafu 2021 ikaja ya pili, na hiyo sina la kusema kwamba sheria ilikuwa nzuri, kwa sababu sijui hasa ilikuwa sheria gani. Akaunti yangu nzima ilifungwa, na kila kilichokuwemo, pamoja na programu ndogo ya ratiba ya mafunzo niliyoitengenezea madrasa ya jirani. Sababu: akaunti yako ina uhusiano na akaunti iliyofungwa awali. Uhusiano upi, na nani, hawasemi. Wanadai kusema kutawasaidia wahalifu. Ikabidi nijipeleleze mwenyewe. Baada ya siku mbili nikakumbuka kwamba 2018 nilimpa mwenzangu ufunguo wa kuingia akaunti yangu, anisaidie kupakia matoleo nikiwa msibani Tanga. Baadaye tuliachana kwa wema, kila mtu na njia yake, yeye akafungua akaunti yake na kuweka programu ya kutabiri mikeka ya kubeti. Ya kwake ikafungwa. Nyuzi zikavutwa, na mimi nikafika.

Nilimpigia. Alikuwa hajui. "Kaka, kumbe na wewe?" Hatukuwa na la kulaumiana.

Nilijaribu kufungua akaunti mpya kwa kadi ya mke wangu, dola 25 zao za kuandikishwa. Ilidumu siku tisa. Mashine hiyo hiyo iliyoshindwa kutofautisha wakala na mwizi wa meseji iliweza kunitambua kwa kadi nyingine, jina lingine na simu nyingine. Mke wangu mpaka leo akiingia kwenye barua pepe zake anauliza kwa utani kama yuko kwenye orodha ya magaidi.

Kipindi hicho nilikuwa nasoma habari za wenzetu wakubwa kwa jicho la mtu aliyeungua. Agosti 13, 2020, Epic Games walipitisha njia yao wenyewe ya malipo ndani ya mchezo wao wa Fortnite ili wakwepe ile asilimia 30 iliyokuwa ikikatwa na duka, na Apple wakauondoa mchezo huo dukani siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo pia Epic wakaenda mahakamani, hati na video ya kejeli vikiwa tayari. Hao waliondolewa kwa kupenda, wamejiandaa. Walipata jaji, Yvonne Gonzalez Rogers, aliyewasikiliza pande zote na kuandika hukumu ndefu Septemba 2021, ambayo sehemu kubwa haikuwapendelea. Bado nilitamani. Fortnite ilirudi kwenye iPhone za Marekani Mei 2025. Kampuni ya mabilioni imesubiri karibu miaka mitano. Mimi na mkataba wangu unaosema kesi ifunguliwe huko huko kwao nilikuwa nahesabu nauli ya kwenda Posta.

Aliyenigusa zaidi ni Christian Selig, yule wa Apollo, programu ambayo watu wengi waliipenda kusomea Reddit, ule mtandao wa majadiliano. Mwaka 2023 Reddit walitangaza bei mpya ya kuchota taarifa zao. Kwa hesabu yake ingemgharimu kama dola milioni 20 kwa mwaka, akaifunga Juni 30 mwaka huo. Kila mtu alimhurumia, na mimi pia. Lakini nilipofika mahali anaposimulia mazungumzo yake na watu wa Reddit kwa simu, nikajikuta namwonea wivu mtu aliyepoteza kila kitu. Alipigiwa simu! Kulikuwa na sauti upande wa pili, hata kama ilikuwa sauti ya kumnyonga.

Na kuna waliofunga vizuri, tusiwanyime. Facebook walipoamua Januari 2016 kuua Parse, huduma ya seva iliyotumiwa na watengenezaji wengi wadogo, walitoa mwaka mzima na wakaachia msimbo wa seva yenyewe hadharani, ili anayetaka aibebe akaiwashe kwake. Wenzangu waliokuwa humo walilalamika, wakahama, na vitu vyao vikaendelea kutembea. Hesabu zilikuwa zao na waliondoka nazo. Nilipokuwa steshenari na zile kurasa 31 nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba kufunga mlango nako kuna ufundi wake.

Sijarudi dukani. Kazi ya mchana nimeajiriwa, naandika mifumo ya malipo ya kampuni ya usafirishaji, na jioni nina Daftari. Linapatikana kwangu, kwa linki, au kwa kurushiana simu kwa simu. Toleo hili linasoma meseji tena, za namba nne tu zilizoandikwa wazi ukurasa wa kwanza, na hesabu hazitoki kwenye simu ya mwenyewe. Seva nimeizima. Kitufe cha kwanza juu, kikubwa kuliko vyote, kimeandikwa "Chukua hesabu zangu". Wateja ni 64. Hawaongezeki kwa kasi, kwa sababu hakuna anayenikuta kwa bahati. Kila mmoja kaletwa na mwingine, na kila mmoja nimemwandika kwenye kauntabuku: jina, namba, mahali alipo, laini anazotumia. Ndiyo, mtengenezaji wa Daftari ana kauntabuku la kurasa 96, na mke wangu amelivika jalada la karatasi ya khaki kama la shule. Lile jibu la kujituma nililifuta jioni ile ile mama alipokuja kwangu. Nikiwa na shughuli nasema nina shughuli, niandikie usiku.

Kazi ngumu zaidi ni kumfanya mtu alipakie. Simu yenyewe inapinga. Unabonyeza faili, linakuja onyo, unaenda mipangilio, unaruhusu, linakuja onyo la pili, jekundu, lenye ngao. Mimi huwa nakaa pembeni ya mtu nimsomee neno kwa neno, kwa sababu onyo lile si uongo. Kesho mtu mwingine atamletea faili la namna hii hii naye atakuwa mwizi kweli.

Mwezi uliopita nilikuwa Rangi Tatu kwa yule mama. Kibanda sasa kina kioo na feni, mkopo ulizaa. Amenunua simu nyingine, ya tatu tangu tujuane. Tumefika kwenye ngao nyekundu akasimamisha kidole hewani.

"Inasemaje hii?"

"Inasema programu hii haijulikani, mama. Inaweza kudhuru simu yako."

"Haijulikani na nani?"

"Na wao."

Akabonyeza. Wakati inapakia akavuta kauntabuku kutoka mkononi mwangu, akatafuta mstari wake kwa ukucha, akasoma namba yake yote kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, kama anavyowasomea wateja wake kabla hajatuma.

"Iko sawa. Andika na ya binti yangu wa Chamazi hapo chini. Hii yangu jioni huwa naizima."

Nikaandika.